Mama Jembe na Maua ya Harusi

Mama Jembe aliamua kulima uani kwa mwanawe siku ileile alipokatazwa kuosha kikombe chake mwenyewe.

Chai alikuwa amekunywa yeye, na kikombe alikuwa amekifikisha kwenye karo na bomba amelifungua, mkwe wake alipotoka chumbani mbio, kichana kimechomekwa nywelani. "Aa, mama! Acha, acha. Kaa tu, nitaosha mimi." Akamnyang'anya kwa heshima zote, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akakisuuza kikombe, akakiinamisha, akakimbilia kazini. Alikuwa msusi kwenye saluni ya barabara ya juu, na wateja wa asubuhi hawana subira.

Mama Jembe akakaa. Alikuwa anakaa tangu ahamie pale. Akishika ufagio, anaambiwa kaa. Akivuta sinia la mboga achambue, kaa. Mwanawe, fundi friji, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote wa kumkalisha.

"Mama, umelima maisha yako yote. Sasa ni zamu yako kupumzika."

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alimjibu siku moja. "Mimi nimeingia wiki ya tatu sijapewa hata kijiko."

Mwanawe alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema, "Kaa, mama."

Jembe alikuwa nalo lakini. Siku ya kuhama alishuka garini na kifurushi kichwani na jembe begani, mtaa mzima unamtazama, na kabla jua halijazama watoto walikuwa wameshampa jina. Mkwe wake alilipokea lile jembe kwa mikono miwili kama zawadi, akaliegemeza nyuma ya mlango wa stoo, basi.

Na uani kulikuwa na ardhi. Si kubwa, lakini ardhi. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na rehani, nanaa, miche michache ya nyanya na mpilipili mmoja uliozaa kwa fujo. Hayo Mama Jembe aliyaelewa. Yaliyomshinda ni matuta ya upande wa jua, sehemu nono kuliko zote, yaliyojaa majani yasiyo na kichwa wala miguu. Mkwe wake aliyamwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akiinama na kuyasemesha kama wagonjwa.

"Hayo yanazaa nini, mwanangu?" alimuuliza wiki ya kwanza.

"Maua, mama."

"Na maua yanazaa nini?"

Msusi alitabasamu tu. Alikuwa na adabu sana yule binti, adabu ya kumfanya mtu ajione kama mgeni wa serikali.

Wiki tatu Mama Jembe aliyatazama yale matuta kutoka kitini asione ua hata moja, ila vishina na vitufe vya kijani. Akajisemea kwamba binti wa watu amechoka, anatoka asubuhi anarudi jioni, magugu yamemzidi nguvu na haya zinamzuia kusema. Mtu mzima haambiwi. Mtu mzima huona.

Kwa hiyo asubuhi ile ya kikombe, mlango ulipofungwa, alikwenda stoo.

Udongo ulikuwa mweusi, umelishwa samadi, unakatika kama keki. Mama Jembe hakuwa amegusa udongo wa namna ile kwa miaka. Aling'oa, akapindua, akavunja mabonge, jasho likamtiririka mgongoni, na viungo vilivyokuwa vikilalamika kitini vikanyamaza vyote. Hata akaimba.

Kichwa cha jirani, karani mstaafu, kikachomoza juu ya ua wa mabati. Karani alikuwa na mawaridi, safu nzima, anayapangusa majani kama mtu anayepangusa miwani. Hawakuwa wakipatana. Siku ya pili tangu ahame, Mama Jembe alimkuta anamwagilia, akamuuliza kwa sauti, "Bwana, unanywesha miiba?" Tangu hapo salamu zao zilikuwa za meno.

"Jirani," karani akasema, "una hakika na hilo unalofanya?"

"Kuhusu kilimo? Kama nilivyo na hakika na jina langu."

"Haya," karani akasema, na kichwa kikazama.

Mama Jembe alilitupa rundo la majani nje ya lango, kwenye jalala, ambako mbuzi wa muuza mkaa walilipokea kwa shukrani. Akafungua fundo la khanga yake, akatoa mbegu alizokuja nazo, mchicha na bamia, akapanda. Jioni alikaa kitini mwenyewe, bila kuambiwa, mikono imepakatwa, anasubiri kusifiwa.

*

Msusi aliingia na mfuko wa mkate, akapitiliza jikoni, akafungua mlango wa uani.

"Mama," akaita hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yale maua yako wapi?"

"Maua gani, mwanangu? Yalikuwa magugu matupu. Nimekusafishia. Mwezi ujao utachuma mchicha, huna haja ya kwenda sokoni."

Msusi alisimama ameshika kitasa. Kisha akapita mbele ya mama mkwe wake akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima, akaingia chumbani na kufunga mlango polepole. Heri angeubamiza.

Fundi friji alipofika alichungulia uani, akapiga mluzi. Naye akibanwa hukimbilia mzaha. "Lo! Mama ameua ua uani!" Hakuna aliyecheka. Akaingia chumbani, akakaa huko kitambo, akatoka bila kicheko, akavuta kigoda karibu na mama yake.

"Mama, yale hayakuwa magugu. Yalikuwa matumba. Alihesabu tangu siku ya kupanda ili yafunguke wiki hii. Jumamosi binti wa bosi wake anaolewa."

"Sasa?"

"Maua ya harusi yote alikuwa ayatoe yeye. Bosi hakutaka. Alimcheka mbele ya wateja, eti harusi ya mwanangu ipambwe kwa maua ya uani, kama msiba wa kuku? Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania. Yangependeza, watu wangemjua. Yasipoonekana, sijui hata hiyo kazi ya kusuka itakuwaje."

Mama Jembe akatazama mikono yake. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Ulisema maua hayazai kitu." Akasita, kisha akaona bora amalize. "Godoro unalolalia, mama, lilitokana na maua. Aliuza mafungu pale lango la hospitali, jioni baada ya kazi."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Msusi alitoka macho mekundu, uso umeoshwa, akaanza kupanga sahani. Alipofika alipo mama mkwe wake akasema kwa upole uleule, "Usijali mama, ni bahati mbaya. Kesho nitamweleza bosi. Wewe kaa tu, upumzike."

Mama Jembe alizaa watoto, alizika mume, alifukuza nguruwe pori shambani kwa kelele za sufuria. Lakini hapakuwahi kutamkwa neno lililomchoma kama lile.

"Sikai!" akasema.

Wote wawili wakamgeukia. Hakuwa ameinua sauti tangu aingie nyumba ile.

"Sikai, na wewe usimweleze mtu. Nipe mpaka Ijumaa jioni. Nikishindwa, nitakwenda mwenyewe kwa huyo bosi wako, nimwambie ni mimi, kikongwe wa shamba, niliyeharibu."

"Mama, utayatoa wapi?"

"Nilikuuliza hivyo ulipokuwa unayalima?"

Hilo halikuwa jibu, na kila mtu alijua. Lakini msusi alimwogopa bosi wake kiasi kwamba hata siku moja ya kuahirisha balaa ilikuwa nafuu. Akaitikia kwa kichwa.

*

Mlango wa kwanza kuubisha ndio uliokuwa mgumu kuliko yote, kwa hiyo kesho yake asubuhi alianza nao.

Karani mstaafu alifungua, akamwona, akaegemea mwimo. Alikuwa anajua. Mabati hayazuii maneno.

"Hodi jirani. Umeamkaje?"

"Salama. Umekuja kunisaidia kung'oa miiba?"

Mama Jembe alikaza khanga kiunoni. "Nimekuja kuomba mawaridi."

"Kuomba nini?"

"Umesikia."

"Masikio yangu ya uzeeni. Sema tena."

"Mawaridi, bwana! Maua! Yale niliyoyatukana! Nimekosa, nimekuja, nimesimama mlangoni kwako mtaa unaniona. Unataka nipige magoti? Nikipiga magoti sitainuka, utanilisha wewe."

Midomo ya karani ikachezacheza. Akatazama juu, akatazama chini, akajikuna kidevu kama mtu anayetafuta jalada ofisini. "Mawaridi yangu sijawahi kumkatia mtu," akasema. "Lakini nina tatizo. Nyuma huko magugu yamenishinda. Goti hili halikunji. Magugu ya kweli," akaongeza, "si kama ya kwako."

"Ngoja nilete jembe."

Alilima nyuma ya nyumba ya karani mpaka jua likawa juu, naye karani amekaa kivulini anamwonyesha kwa fimbo, hili ng'oa, hili acha, hilo ni ua, hilo pia ni ua, mama wee, hilo acha kabisa! Mwanzoni kila "acha" ilimkera. Baadaye akaanza kuuliza mwenyewe kabla ya kugusa. Akaonyeshwa tumba la waridi, jinsi linavyojikaza, rangi ikichungulia kwenye ncha kama ulimi wa mtoto. Akalitazama sana.

"Yale ya mkwe wangu yalikuwa hivi?"

"Yalibakiza siku mbili."

Mama Jembe akaketi juu ya mpini wa jembe. "Na wewe ulinitazama tu."

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Ungepiga kelele!"

"Kwa mwanamke mwenye jembe?"

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili bila kupenda. Karani akaenda kuchukua mkasi.

Mawaridi ya karani yalijaza ndoo moja. Harusi ilihitaji zaidi. Ijumaa Mama Jembe alizunguka mtaa, jembe begani na toroli la kuazima mbele yake, anabisha mlango kwa mlango. Alikuwa na maneno mafupi: nimeharibu maua ya mkwe wangu, nitakulimia ukinipa ya kwako. Wako waliomcheka usoni. Mke wa kinyozi alimwita shoga yake aje asikie tena hadithi yote tangu mwanzo, na Mama Jembe akairudia amesimama juani, kwa sababu mke wa kinyozi alikuwa na alizeti. Fundi viatu alimpa asumini bure, akisema mkewe angemuua lakini mkewe hayupo. Mwanamke mmoja wa nyumba ya kona alifunga lango kabla hajamaliza salamu. Wa nyumba iliyofuata alimkaribisha uji.

Aliporudi toroli lilikuwa limejaa na hakuna ua lililofanana na mwenzake.

*

Msusi alisimama mbele ya ndoo, mikono kiunoni. Mama Jembe alisimama pembeni, anahema, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande, anamchungulia uso kama mwanafunzi anayesubiri alama.

"Mengine mafupi," msusi akasema.

"Mafupi, ndiyo."

"Na rangi hizi… nyekundu, manjano, hili zambarau sijui limetoka wapi."

"Kwa muuza mkaa. Alisema ni fidia ya mbuzi."

Msusi akajizuia, ikashindikana, akacheka. Akachutama, akaanza kuchambua. Alichambua kama anavyochambua nywele, vidole vinakwenda bila kuulizwa. Maua yalikuwa machache kwa mashada yote, akasema, yanahitaji kujazwa kwa majani. Akatazama huku na huku, na macho yake yakatua kwenye rehani.

Alikata rehani iliyochanua, akakata nanaa. Kisha akavunja matawi ya mpilipili yenye pilipili zake, nyekundu na za kijani, na vichala vya nyanya mbichi ndogo kama shanga.

Mama Jembe akashindwa kunyamaza. "Pilipili kwenye harusi?"

"Zinapendeza, mama."

"Zinapendeza kwenye sahani! Na nyanya hizo hazijaiva, unaua chakula!"

"Hata wewe uliniulia maua!"

Maneno yalimtoka msusi kabla hajayashika. Akaziba mdomo. Mama Jembe alimtazama, na badala ya hasira akahisi kifua kimefunguka, kama dirisha lililokuwa limekwama.

"Kweli," akasema. "Tumelipana. Lete kamba."

Kwenye kufunga ndipo ilipoonekana faida yake. Mikono iliyofunga mafungu ya mboga kwa soko tangu usichana haikuhitaji kufundishwa. Msusi alipanga, Mama Jembe alizungushia kamba, akavuta, akakaza, shada likasimama imara usingeweza kulitikisa. Fundi friji alisafisha friji lililokuwa limeletwa kwake kutengenezwa, akaliwasha, wakayalaza mashada humo. "Mwenyewe akija kulichukua kesho," akasema, "nitamwambia harufu ni sehemu ya huduma."

*

Bosi wa saluni alikuwa mwanamke mrefu, mwenye marashi yaliyotangulia kufika kabla yake. Aliwapokea kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, akainua shada la bibi harusi kwa ncha za vidole.

"Hili ni shada au ni mchuzi?"

Nyuma yake wapambe wakaguna kicheko. Msusi aliinamisha kichwa. Mama Jembe, mwenye gauni lake la pekee na viatu vya kubana, akavuta pumzi ya kusema kitu ambacho kingewamaliza wote, lakini mlango ukafunguka na bibi harusi mwenyewe akachungulia, uso umepakwa poda nusu.

"Yamefika? Nionyeshe." Akalichukua, akaingiza pua ndani ya rehani, akafumba macho. "Mama," akamwambia bosi, "tangu asubuhi nimebanwa na marashi ya mashangazi wanne, tumbo linanichafuka. Hiki ndicho kitu cha kwanza leo kinachonukia vizuri. Asiguse mtu shada langu."

Mama Jembe na mkwe wake wakakaa viti vya nyuma kabisa. Mapambo yalipendeza, hata Mama Jembe aliona. Meza zote zilichangamka kwa rangi, na watu wakawa wanainama kunusa kabla ya kukaa.

Bwana harusi alikuwa kijana mwembamba, amekaa kando ya mkewe anatetemeka kwa woga. Mshereheshaji alikuwa na maneno mengi. Kijana, kwa kukosa la kufanya, akaanza kuchezea shada mapajani mwa mkewe, akachuma kitu chekundu, akakigeuzageuza.

"Mungu wangu," msusi akanong'ona. "Mama, tazama."

"Hawezi," Mama Jembe akasema.

Akaweza. Alikitia mdomoni kama njugu, akatafuna.

Wakati huohuo mshereheshaji akamgeukia, akamwomba asimame aseme neno kwa mkewe. Kijana akasimama. Uso ulimwiva, midomo ikamtetemeka, machozi yakaanza kutiririka mashavuni, makubwa, ya kweli. Akajaribu kusema, sauti ikakatika. Akamshika mkewe mkono, akafungua mdomo tena, ikatoka pumzi tu.

Shangazi mmoja akapiga kigelegele, wakadakia wote. Wanawake wakapangusa macho. "Analia!" "Jamani anampenda!" Bosi wa saluni, pale mbele, alitoa leso, akajifuta chini ya macho taratibu ili wanja usitoke. Bwana harusi alifanikiwa kutamka neno moja, "Maji," na watu wakampigia makofi.

Kwenye viti vya nyuma, Mama Jembe alikuwa ameuma khanga yake kwa meno. Msusi alikuwa amelaza kichwa begani kwake, mabega yanamruka, anasukumana naye kama wasichana kanisani. Mwanamke wa kiti cha mbele akageuka, akayaona machozi yao, akawapa leso. "Hata mimi," akawaambia, "imenigusa sana."

Walipokuwa wanakusanya ndoo, bosi aliwafuata. Alisimama, akapapasa mkufu wake.

"Jumatatu usichelewe," akamwambia msusi. Ikawa kama amemaliza, kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Dada yangu anamwoza mwanawe mwezi ujao. Anauliza kama utampambia." Akamgeukia Mama Jembe. "Na huyu ni nani?"

"Ni mama," msusi akasema. "Tunafanya naye kazi."

Mama Jembe alijifanya anakaza kifundo cha kamba ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

*

Jumapili alasiri fundi friji alikuwa anarudi kutoka kwa mteja, na alipofika langoni alisikia kelele. Ni za mama yake, na za mkewe. Si maneno ya adabu. Ni kelele za kukata na shoka.

Akatupa mkoba wa vifaa, akapita nyumba mbio mpaka uani.

"…siwezi kukupa upande wa jua wote, mama, waridi halikui kivulini!"

"Na bamia ikue wapi, juu ya paa? Karani amekudanganya! Waridi litavumilia!"

"Litavumilia nini, wewe hata hujui linavyopandwa!"

"Najua! Nimefundishwa! Nilimlimia siku nzima!"

Walikuwa wamechutama ana kwa ana, tope mpaka viwiko, katikati yao vipande vya mawaridi vya kuotesha na mstari uliochorwa udongoni, ukafutwa, ukachorwa, ukafutwa tena. Karani mstaafu alikuwa ameegemea juu ya mabati na kikombe cha chai, anafuatilia kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Jamani," fundi friji akasema, mikono juu. "Jamani, taratibu. Mama, hebu—"

Wote wawili wakamgeukia kwa pamoja.

"Wewe nani kakuita?" mkewe akasema.

"Amesimama tu kama mlingoti," mama yake akasema, "na udongo unakauka. Kalete maji!"

Akachukua ndoo, akaenda kuleta maji. Nyuma yake ugomvi ukaanza tena pale ulipokuwa umeachwa.